Kupiga Mbizi Mafia: Hesabu Mwezi Kwanza, Tiketi Baadaye

Watu wakiniuliza kuhusu kwenda kupiga mbizi kisiwani Mafia, Tanzania, swali la kwanza huwa nauli ya ndege. Mimi huwarudishia swali: siku hizo unazotaka kwenda, mwezi utakuwa wa ngapi? Sizungumzii Januari au Februari. Nazungumzia mwezi wa angani, ule ambao wavuvi wa vijiji vya huko, Utende na Jibondo, wanauhesabu kabla hawajashusha chombo majini. Wengi hudhani nawatania.

Safari yangu ya kwanza nilinunua tiketi kwa sababu ilikuwa rahisi. Nikafika siku mbili baada ya mwezi mpevu, na kati ya mbizi sita nilizolipia nilipata mbili za maana. Nne zilizobaki nilikuwa nimeshikilia kamba ya boya, napepea kama kanga iliyoanikwa wakati wa kusi, mkondo unanipita, na samaki wote wako mahali nisipoweza kufika. Tangu hapo napanga safari kinyumenyume: kwanza bahari, kisha mwili wangu, kisha mwalimu, na tiketi mwisho kabisa.

Nimemwandikia mtu ambaye hajawahi kuvaa mtungi wa hewa, awe anatoka Dar au Nairobi, au anarudi likizo kutoka Muscat. Na kama unaishi mjini, angalizo dogo la lugha: usiwaambie ndugu zako kwamba "unaenda kuzamia". Watakuuliza umepata meli gani na utashukia Ulaya ya wapi. Sema unakwenda kupiga mbizi.

Je, Mafia ndiko kwako?

Pwani yetu haina upungufu wa miamba. Unguja ni rahisi kufikika, ina vituo vingi vya mbizi, na kisiwa chake kidogo cha Mnemba kina samaki wa kumtosha anayeanza. Ila msimu wa wageni mnaweza kujikuta boti kadhaa mnagombea mwamba mmoja. Pemba ni ya walioiva. Bahari kati yake na bara inashuka mamia ya mita, miamba imesimama kama ukuta wa ghorofa, na mikondo ya kule haina utani. Kenya ina Watamu, hifadhi ya bahari tangu 1968, ina Kisite-Mpunguti upande wa Shimoni na Wasini, na Mombasa kuna meli ya MV Dania iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe nyumba ya samaki.

Mafia ninaipendekeza kwa anayeanza kwa sababu moja kubwa: Ghuba ya Chole. Visiwa vya Chole, Juani na Jibondo vimejipanga upande wa mashariki na kusini kama boma, vinapokea mawimbi ya bahari kuu, na ndani ya ghuba maji yanatulia kiasi kwamba siku nyingi za mwaka mtu anaweza kujifunza. Eneo lote hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya mwaka 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake wamo watu na vijiji vyao, wanavua na kulima. Kwa hiyo usitegemee ufukwe uliotengwa kwa ajili yako. Utashuka kwenye boti na suti yako inachuruzika maji, na kando yako mama anakagua mwamba kwa macho akitafuta shimo la pweza.

Kama unataka muziki na disko usiku, nenda Unguja. Sikutanii hapo.

Kalenda ya bahari

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na upepo. Masika, yaani kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, achana na Mafia kabisa. Mvua ni nyingi, mto Rufiji unamwaga matope kwenye bahari iliyo kati ya kisiwa na bara, na baadhi ya hoteli za Utende hufunga. Kusi likishika, Juni hadi Agosti, anga huwa safi na hewa nzuri, lakini nje ya ghuba bahari inachafuka; utapiga mbizi ndani tu, na maji yatashuka hadi nyuzi 25 hivi. Kwa mtu wa pwani hiyo ni baridi. Nimeona mtu mzima akitetemeka hadi regyuleta, kile kidude cha kupumulia, inagonga meno.

Kuanzia Oktoba upepo unapungua, tunaingia tanga mbili, kusi limechoka na kaskazi bado halijajua linataka nini. Hapo bahari hulala. Ukiniuliza mimi, Oktoba na Novemba ndiyo miezi bora. Baada ya hapo kaskazi huvuma hadi Machi, maji ya moto kufikia nyuzi 29 au 30, na miamba ya nje ya ghuba inafikika siku nyingi. Februari nayo ni nzuri sana.

Ukishachagua mwezi wa kalenda ya ukutani, chukua sasa kalenda ya Kiislamu. Bamvua, yale maji makubwa yanayopwa mbali na kujaa hadi kwenye minazi, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Hesabu tarehe 1 hadi 4, na 15 hadi 18. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo inapita mita 3. Maji yote hayo lazima yaingie na kutoka Ghuba ya Chole kupitia milango michache, na mkubwa ni Mlango wa Kinasi, ambao ndio mahali unapotaka kupiga mbizi. Basi piga picha ya uwanja wa mpira unaomwaga watu wote kwa geti moja. Huo ndio mkondo.

Maji mafu ni kinyume chake. Tarehe 8 hadi 11 na 22 hadi 25 za mwezi, bahari inapanda na kushuka kidogo tu, mkondo unakuwa wa kumbembeleza mtu.

Kuna jambo la pili ambalo wageni wengi hawalijui na sisi tuna bahati ya kulirithi. Pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi maji yanajaa, yanafika kilele saa nne hivi. Na Kinasi hupigwa mbizi maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yanayoingia ni maji ya bahari kuu, maangavu, unaona mbali. Yakianza kutoka yanabeba tope la mikoko na michanga ya ghuba, na unajikuta ndani ya chai ya maziwa. Kwa hiyo ukienda siku za maji mafu unapata vyote viwili kwa wakati mmoja: mkondo mpole, na maji safi yanayoingia saa ambazo boti hutoka, yaani baada ya kifungua kinywa. Ukienda bamvua, asubuhi hiyohiyo ufukwe wa Utende umekauka, boti imelalia ubavu kwenye mchanga, na unatembea na mtungi mgongoni kuifuata bahari iliko.

Siku saba za likizo haziwezi zote kuwa za maji mafu. Lenga siku nne za mbizi ziangukie humo, zile za kusafiri na kupumzika ziangukie pembeni. Na kama unaweza, kwepa bamvua za mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba. Hizo huwa kubwa kuliko zote za mwaka.

Mwili wako, na ukweli kuhusu kuogelea

Tusidanganyane. Wengi wetu tumekulia karibu na maji na hatujui kuogelea. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 31, kwenye bwawa la hoteli, pamoja na watoto wa darasa la pili walionipita. Kozi ya msingi ya mbizi inataka uogelee mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kukimbizwa na saa, au mita 300 ukiwa na miwani, snokeli (mrija wa kupumulia) na mapezi ya miguuni. Kisha uelee dakika 10 bila kushika kitu. Kuelea ndiko kunakowashinda watu, maana mtu anapigana na maji badala ya kuyalalia. Jipe miezi miwili ya bwawa kabla ya safari, mara mbili kwa wiki. Umri wa chini kwa kozi nyingi ni miaka 10. Wa juu ni afya yako.

Kuna fomu ya afya utakayojaza. Ukijibu "ndiyo" kwenye maswali fulani, kwa mfano pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, upasuaji wa kifua au wa masikio, utatakiwa kupata saini ya daktari. Iombe fomu mapema kwa kituo na uende nayo kwa daktari ukiwa bado nyumbani. Usisubiri kufika Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, ndipo uanze kutafuta wa kukusainia, na usidanganye kwenye fomu. Bahari haisomi makaratasi. Mjamzito hapigi mbizi, kwa ajili ya mtoto.

Wanaotoka nje ya Afrika Mashariki wamwambie daktari wao kwamba watapiga mbizi kabla hajawaandikia dawa ya kinga ya malaria. Meflokwini haifai, kwa kuwa kizunguzungu na wasiwasi inaoweza kuleta hufanana na dalili za ajali ya mbizi, na hakuna atakayejua kipi ni kipi.

Na Ramadhani? Nimeulizwa mara nyingi. Mwili uliokauka maji una hatari zaidi chini ya bahari, na anayejifunza hakosi kumeza maji ya chumvi. Sogeza safari baada ya Idi.

Kozi: ipi, na umalizie wapi

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mbizi ya majaribio: somo fupi, zoezi kwenye maji ya kina kifupi, kisha unashuka ukiwa umeshikwa na mwalimu hadi mita 12 kwa upeo. Haikupi cheti cha kukuruhusu kupiga mbizi mwenyewe, lakini itakuambia kama unaipenda. Ya pili ni kozi ya msingi kamili, iwe ya PADI au SSI au chama kingine kinachotambulika, yenye nadharia, mazoezi ya bwawani au majini penye utulivu, na mbizi nne za baharini. Inachukua siku tatu au nne, na kadi yake inakuruhusu kushuka mita 18 popote duniani. Kozi inayofuata inakufikisha mita 30. Mita 40 ndio mwisho wa mbizi za burudani.

Ushauri wangu: nadharia isome nyumbani kupitia intaneti wiki chache kabla. Ni saa nyingi za video na maswali, na ni dhambi kuzimalizia ndani ya chumba huku ghuba iko mlangoni. Ukiweza kufanya na mazoezi ya bwawani Dar au mji unakoishi, omba barua ya rufaa inayothibitisha ulichokwisha kumaliza, ukifika Mafia unabaki na zile mbizi nne tu.

Mwenye siku tatu pekee asijaribu kozi kamili. Ukishikwa na mafua siku ya pili, yote yamekwisha.

Kumchagua atakayekushusha

Andika kwa vituo viwili au vitatu, na uulize haya kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kuona aibu. Mwalimu mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi? Kanuni zinaweza kuruhusu hadi wanane baharini. Mimi nataka wasizidi wanne. Kwenye boti kuna oksijeni na kisanduku cha huduma ya kwanza? Nani anabaki juu kuyafuata mapovu yetu, na je, nahodha huyo anaijua Kinasi au ameajiriwa jana? Kila kundi linashuka na boya la kupuliza la kuonyesha lilipo? Mtu akipata ajali, mpango wenu wa kumfikisha kwenye chumba cha tiba ya mgandamizo, kile cha kutibu mapovu ya gesi mwilini, ni upi, na chumba hicho kinafanya kazi hivi sasa?

Angejibu "usijali, hapa haijawahi kutokea", ningetafuta kwingine. Hilo silo jibu.

Ukifika, kagua kwa macho na pua. Fungua mtungi kidogo unuse: hewa nzuri haina harufu yoyote. Ikinuka mafuta au moshi wa jenereta, rudisha. Kwenye shingo ya mtungi kuna tarehe ya kupimwa imegongwa kwenye chuma, iangalie. Kituo kinachojiheshimu hakikasiriki mteja akikagua, na pale nilipopapenda zaidi kisiwani, fundi mwenyewe alinishika mkono akanionyesha vichujio vya mashine ya kujazia.

Bima nayo. Bima nyingi za kawaida za safari zinaiacha mbizi nje, soma maandishi madogo. DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, wana bima ya wapiga mbizi inayoweza kununuliwa kwa muda mfupi.

Kwenda, na hasa kurudi

Ndege ndogo kutoka Dar inafika Kilindoni kwa nusu saa hivi. Mizigo yao ni midogo, aghalabu kilo 15 pamoja na begi la mkononi, kwa hiyo usibebe vifaa vizito. Njia nyingine ni ya bara: unashuka barabara ya Kilwa hadi Bungu wilayani Kibiti, unaingia kushoto hadi Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni, saa nne au zaidi kutegemea bahari. Piga simu siku moja kabla kuhakikisha saa ya kuondoka. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni barabara ya lami, kama kilomita 15, na bajaji zipo.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wengi huikosea. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta inaingia kwenye damu na nyama kwa wingi kuliko kawaida, na baada ya kupanda inahitaji muda kutoka. Ukipanda ndege kabla haijatoka, mgandamizo unashuka, na gesi hiyo inafanya mapovu mwilini, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Kanuni inayotumika ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 ukiwa umepiga kadhaa au siku mfululizo. Mimi huweka saa 24 na silazimiki kuhesabu.

Kwa hiyo siku yako ya mwisho kisiwani ni kavu, na siku hiyo ilipwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Ila anayerudi kwa kivuko cha Nyamisati anasafiri usawa wa bahari hadi Dar, hana haja ya kusubiri hivyo. Nauli yake ni ndogo na anapata siku ya ziada ya mbizi. Akiunganisha na ndege ya kimataifa usiku huohuo, hapo amerudi palepale.

Fedha

Gawanya hivi: nauli, malazi, kozi au mbizi, kukodi vifaa, kiingilio cha hifadhi, bima, na bahashishi ya mabaharia. Kiingilio hulipwa kwa kila siku na raia hulipa tofauti na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Bei ya kituo kimoja inaweza kuonekana ndogo kwa sababu haijajumlisha kiingilio wala vifaa wala kadi ya cheti. Uliza jumla, si bei. Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2025 kuzuia malipo ya ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, basi omba ankara ya shilingi. Kilindoni kuna benki, lakini Utende usitegemee mashine ya kutolea pesa. Weka salio kwenye simu na noti mfukoni.

Nyumba za kulala wageni za Kilindoni na zile za Utende kijijini ni nafuu mno kuliko hoteli za ufukweni, na boti ni ileile.

Begi

Kitu kimoja cha kununua mwenyewe ni miwani ya mbizi, kwa sababu sura hazifanani. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, inama: ikibaki imenasa ni yako. Mpya ipakwe dawa ya meno ndani na kuoshwa, la sivyo itafanya ukungu mbizi nzima.

Nywele zina mambo yake, na vitabu vya kozi haviyasemi. Rasta nene zinafanya mkanda wa miwani uteleze. Zifunge chini kisogoni, mkanda upite juu ya fundo. Unywele mmoja tu ukiingia chini ya mpira wa miwani, maji yanaingia. Ndevu za juu ya mdomo vivyo hivyo, paka mafuta ya mgando kidogo au nyoa. Dada zetu wanaojistiri hawana shida kabisa: suti ndefu na kofia yake ya mpira vinafunika kila kitu, na ndani ya maji kila mtu anavaa hivyo.

Suti ya milimita 3 inatosha wakati wa kaskazi. Kusi omba ya 5. Kwa jua, fulana ya mikono mirefu ni bora kuliko mafuta ya kujipaka, na haiendi kwenye matumbawe. Kijijini na Kilindoni mjini vaa kwa staha, kisiwa ni cha Waislamu wengi. Khanga au kikoi kimoja kinafanya kazi kumi.

Chini ya maji

Mbizi ya kwanza omba iwe Milimani, ndani ya ghuba. Jina linajieleza: vilima vya matumbawe vimepangana juu ya mchanga, kina si kikubwa. Humo ndimo pa kujifunza kuelea katikati, bila kuzama wala kupanda, kwa pumzi tu. Ukivuta unapanda kidogo, ukitoa unashuka. Ukiweza hilo, mengine yote ni mapambo.

Masikio yafungue kabla hayajauma. Bana pua, puliza taratibu, kila unaposhuka nusu mita. Likigoma, panda kidogo ujaribu tena, usilazimishe. Na usibane pumzi, hasa ukiwa unapanda. Hewa ya mita 10 inapanuka mara mbili ukifika juu, na pafu si puto.

Hesabu ya hewa ni rahisi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa ya juu. Kwa mtu anayetumia lita 20 kwa dakika, mita 20 chini matumizi yanakuwa mara tatu, lita 60, na ukiweka akiba ya baa 50 unabaki na dakika 30. Mwenye woga hutumia zaidi. Ndiyo maana fundi mzee anatoka na nusu ya mtungi wakati wewe sindano ya kipimo chako cha hewa iko kwenye nyekundu.

Kupanda, usizidi mita 9 kwa dakika, na simama mita 5 kwa dakika tatu.

Na kidole gumba! Mbizi yangu ya pili mwalimu aliniuliza kwa ishara kama niko salama, nami nikamwinulia dole gumba kama nifanyavyo kwa kondakta. Akanishika jaketi na kunipandisha juu, mbizi ikaishia hapo. Chini ya maji dole gumba juu maana yake "tupande". Kusema poa, unganisha kidole gumba na cha shahada ufanye duara.

Ukishakuwa na kadi na mbizi chache, ndipo uombe Kinasi maji yakijaa, kuwaona chewa wakubwa wasiokimbia mtu, mikunga madirishani mwao, kasa na ng'amba, na makundi yanayosimama dhidi ya mkondo. Dindini, ukuta ulio nje ya ghuba, usubiri kaskazi na bahari tulivu. Utakutana pia na vipande vya vifusi: joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi hapa, na baruti za wavuvi zilifanya yake. Usiguse chochote, wala usinunue kombe kwa mtoto atakayekufuata ufukweni.

Siku kavu ni ya potwe

Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye Kenya humwita papa shilingi kwa madoa yake, haonekani Chole bali upande wa Kilindoni, na anaogelewa naye kwa snokeli. Hakuna mtungi, hakuna naitrojeni. Ndiyo maana mimi humpangia siku ya mwisho. Msimu wake ni Oktoba hadi Februari hivi, anapokuja juu kula vijidagaa na uduvi. Zamani ilidhaniwa kwamba baada ya hapo anahama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowafunga samaki hao vifaa vya kutoa mlio, ulionyesha wengi wanabaki palepale karibu na Mafia mwaka mzima, ila wanakwenda mbali kidogo na ufukwe na chini zaidi, hawaonekani. Kaa mita 3 kutoka ubavuni mwake na 4 kutoka mkiani, usimguse, na usizamie kumfuata, maana kesho unapanda ndege.

Ukikosa msimu wake, vuka hadi Chole ukawaone popo wanaolala kwenye miti mchana, na Juani penye magofu ya Kua.

Asubuhi ya kuondoka, suuza miwani kwa maji yasiyo na chumvi, ianike kivulini, mwombe mwalimu asaini daftari lako la mbizi pamoja na kina na dakika. Kwenye ndege omba kiti cha kushoto. Dakika chache baada ya kuruka utaiona delta ya Rufiji, vidole vya maji ya kahawia vinaingia kwenye buluu, na kama unarudi Novemba utaona mstari mahali vinapokutana.